Redio ndogo ya mawimbi mafupi katika kutafuta vituo vya mbali: uzoefu wangu

Redio ninayoieleza hapa ni ya mkononi, hutumia betri ya kuchaji, hupokea mawimbi mafupi bila kuruka bendi yoyote kuanzia kilohezi 1711 hadi karibu na 30,000, na ina sehemu ya SSB, yaani ule mtindo wa urushaji unaotumiwa na wapenzi wa mawasiliano ya redio pamoja na ndege zinazovuka bahari. Kampuni kadhaa hutengeneza redio za namna hii, na kwa kuwa nyingi hubeba ndani yake chipu zinazofanana za kuchakata sauti kidijitali, nimeona haifai kuyafunga maelezo yangu kwenye jina moja. Nimeitumia kwa kazi moja tu, nayo ni kutafuta vituo vya kimataifa ambavyo matangazo yake hayakuelekezwa upande wangu, kisha kujua kwa hakika nimesikia kituo gani.

Sehemu hiyo ya pili ndiyo niliyoifanya kipimo. Kituo chenye mtambo wa kilowati 300 kilichoelekeza antena zake mahali ulipo kitasikika hata kwenye redio hafifu, kwa hiyo kukipata hakuthibitishi chochote kuhusu ubora wa chombo. Redio inayofaa kwa shughuli hii ni ile inayomwezesha msikilizaji kuing'ang'ania sauti dhaifu, iliyobanwa kati ya vituo viwili vikubwa, mpaka mtangazaji ataje jina la kituo chake.

Kwa kipimo hicho, jambo la kwanza linaloistahilisha sifa ni filta zake, yaani vichujio vinavyoamua ni upana gani wa masafa redio ipokee kwa wakati mmoja. Vituo vya mawimbi mafupi hupangwa kwa kuachana kilohezi 5, na mara nyingi kituo cha mbali huangukia jirani na kingine chenye nguvu maradufu. Redio hii huniruhusu kupunguza upana wa filta kutoka kilohezi 6 hadi 2 kwa hatua. Kwenye upana wa 6 muziki husikika vizuri na sauti ya mtangazaji huwa na uhai. Kwenye 2 sauti huwa nzito na butu, lakini makelele ya jirani hupungua kiasi kwamba maneno yaliyokuwa hayashikiki huanza kueleweka. Mimi huanza na filta pana, hutambua lugha na aina ya kipindi, kisha hubana kadiri saa kamili inavyokaribia, maana huo ndio wakati ambao vituo vingi hujitambulisha.

Jambo la pili ni SSB, na hapa ningependa kukaa kidogo, kwa sababu wanunuzi wengi hudhani sehemu hiyo inawahusu tu wanaosikiliza wapenzi wa redio kwenye bendi ya mita 40 au 20 (bendi huitwa kwa urefu wa mawimbi yake). Kituo cha matangazo ya kawaida hurusha wimbi la kubebea sauti, na pande zake mbili, wa juu na wa chini, hubeba kipindi kilekile. Mawimbi yakifika kwa njia mbili tofauti kupitia angani, hukutana yakipishana, na wimbi la kubebea sauti hufifia peke yake. Matokeo ni ile sauti inayokatikakatika na kukwaruza ambayo kila msikilizaji wa mawimbi mafupi anaijua. Ukiwasha SSB na kuisogeza redio taratibu mpaka mluzi ushuke na kutoweka, redio yenyewe huweka wimbi imara mahali pa lile lililofifia. Zaidi ya hapo, unachagua upande wa kusikiliza: jirani msumbufu akiwa juu ya kituo chako, unachukua upande wa chini, naye hupungua nguvu au hunyamaza kabisa. Kazi hii huhitaji mkono mtulivu na kitufe kinachosogea kwa hezi 10, na redio hii ina kitufe hicho. Vituo vingi nilivyovitambua kwa uhakika nilivitambua kwa njia hii, na ningekuwa na nafasi ya kumpa mnunuzi shauri moja pekee, ningemwambia asinunue redio ya mawimbi mafupi isiyo na SSB.

Usahihi wa namba zinazoonyeshwa kwenye kioo nao una uzito wake. Niliupima kwa vituo vya saa, yaani vinavyotangaza saa sahihi mfululizo, ambavyo masafa yake hulindwa kwa saa za atomiki. Kwenye megahezi 10 husikika WWV ya Fort Collins, Colorado, na WWVH ya kisiwa cha Kauai, Hawaii, zote mbili za Marekani, na pengine BPM ya China ikiwa juu yao. Mahali zinaposikika pamoja hutoa zoezi zuri la masikio: WWVH hutaja saa kwa sauti ya kike takriban sekunde 15 kabla ya dakika kutimia, na WWV hufuata kwa sauti ya kiume zikiwa zimebaki sekunde saba na nusu. Redio yangu hukosea kidogo sana, na kosa lenyewe ni lilelile kila wakati, jambo ambalo kwangu ni bora kuliko kosa dogo linalobadilika kadiri chombo kinavyopata joto.

Sasa mapungufu. Redio hii ina tabia ya kujipunguza sauti yenyewe pale mawimbi yanapodhoofika. Aliyeibuni bila shaka alitaka kumwepusha msikilizaji na mikwaruzo, lakini kwa anayetafuta vituo vya mbali hiyo ni hasara kubwa, kwa kuwa jina la kituo linaweza kutajwa katika sekunde zilezile ambazo sauti imeshushwa. Kutumia SSB hupunguza tatizo hili ila hakuliondoi. Kasoro ya pili ni kuzidiwa: ukiiunganisha na waya mrefu wakati wa usiku, vituo vikubwa vya bendi ya mita 49 na 41 huanza kujitokeza mahali ambapo havipo, na msikilizaji asiyejua anaweza kuandika kwenye daftari kituo ambacho hakikurushwa kabisa kwenye masafa hayo. Waya wa mita tano hadi kumi unaitosha, na swichi ya kupunguza nguvu ya antena inapaswa kuguswa kila unapotilia shaka unachosikia. Kituo halisi hufifia kidogo tu ukiigusa. Cha uongo hutoweka.

Makelele ya umeme siwezi kuyahesabu kuwa kosa la redio, ingawa wapo wanaoirudisha dukani kwa sababu hiyo. Chaja za simu, taa za LED, vifaa vya kubadili umeme wa sola na vile vinavyopitisha intaneti kwenye nyaya za umeme hutoa mngurumo unaofunika bendi nzima. Nimezoea kuitumia kwa betri tu, nikiwa mbali na kuta zenye nyaya, na tofauti yake ni kubwa kuliko tofauti kati ya redio moja na nyingine. Yeyote anayetaka kuhukumu redio ya mawimbi mafupi aitoe kwanza nje.

Vilevile asiihukumu bila kujua hali ya jua. Mawimbi haya hufika mbali kwa kurudishwa chini na tabaka za ionosfia, yaani sehemu ya anga ya juu yenye chembe za umeme, na tabaka hizo hutegemea mionzi ya jua. Mchana, tabaka la chini linaloitwa D hufyonza masafa ya chini, hivyo bendi za mita 19 na 16 ndizo zenye uhai. Jua likizama, tabaka hilo hutoweka na mita 49 na 41 hufunguka kwa vituo vya maelfu ya kilomita. Mlipuko mkali wa jua unaweza kuzima bendi zote upande wa dunia ulio mchana, kwa dakika kadhaa au zaidi ya saa moja, na redio nzima ikaonekana imekufa. WWV hutoa taarifa fupi ya hali hiyo katika dakika ya 18 ya kila saa, na WWVH katika dakika ya 45, na nimejenga desturi ya kuisikiliza kabla sijailaumu antena. Mzunguko wa jua huchukua takriban miaka 11, nao wa sasa, wa 25, ulifikia kilele chake mwaka 2024, kwa hiyo bendi za juu bado zina mengi ya kutoa kwa anayeanza leo.

Kutambua kituo si kujua jina lake pekee. Msikilizaji makini hutaka pia kujua mtambo uko wapi, na hapo ndipo burudani hii inapokuwa na kina ambacho sikukitarajia. China Radio International inaweza kusikika kwa nguvu kubwa huku mtambo ukiwa Cërrik, Albania. Radio ya Vatikani, ambayo Guglielmo Marconi mwenyewe aliijengea mitambo ya kwanza mwaka 1931, imekuwa ikitumia pia mitambo ya Talata-Volonondry, Madagaska. Mitambo hiyo ilijengwa kwa ajili ya Radio Netherlands, ambayo ilinyamaza mwaka 2012, na milingoti yake ikabaki ikibeba sauti za wengine. Nikisikia kituo kinachokuja bila kuyumba katika saa ambayo nchi yake haikupaswa kusikika, shaka yangu ya kwanza ni kwamba sauti hiyo inatoka nchi nyingine kabisa.

Katika kuthibitisha ninachosikia nimenufaika na huduma ya bure ambayo nayo inastahili tathmini: redio ya mtandaoni ya Chuo Kikuu cha Twente, mjini Enschede, Uholanzi, iliyoanza mwaka 2008, ambapo mtu yeyote huzungusha masafa kuanzia karibu na sifuri hadi megahezi 29 kwa kivinjari chake. Hufanya kazi vizuri, na picha ya bendi inayosogea kwenye kioo hufundisha zaidi ya maelezo mengi. Ninapokuwa na sauti dhaifu nisiyoielewa, huifungua huduma hiyo kwenye masafa yaleyale na kulinganisha: vipindi vikilingana neno kwa neno, nimejua ninachokisikiliza. Hata hivyo, kituo nilichokisikia kupitia antena ya Enschede sikihesabu kuwa nimekipata, na ripoti ya usikivu inayotumwa kituoni bila kueleza kwamba mpokeaji alitumia antena ya mbali huwapotosha wahandisi wanaotaka kujua mawimbi yao yamefika wapi.

Ripoti zenyewe nimezituma kwa kufuata mtindo wa SINPO, tarakimu tano kati ya 1 na 5 zinazoeleza nguvu ya mawimbi, mwingiliano wa vituo vingine, makelele, kufifia, na ubora wa jumla. Redio hii ina kipimo cha nguvu ya mawimbi kwenye kioo chake, lakini nashauri usikitegemee kwa tarakimu ya kwanza, kwani makelele ya umeme hukipandisha sawa na kituo. Andika masafa, tarehe na saa za UTC (saa za kimataifa), na mambo ya kipindi ya dakika zisizopungua 15, ambayo asiyesikiliza asingeweza kuyajua. Radio Romania International, yenye mitambo yake Galbeni na Țigănești, ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa kuwa hutangaza kwa lugha nyingi na imedumisha desturi ya kutuma kadi za QSL, yaani kadi za kuthibitisha kwamba kweli ulikisikia kituo.

Swali ninaloulizwa zaidi ni kama vituo vilivyosalia vinatosha kuhalalisha ununuzi. Ni kweli kwamba Radio Canada International iliacha mawimbi mafupi mwaka 2012 na Radio Australia tarehe 31 Januari 2017, na kila moja imeacha pengo ambalo mimi binafsi nalisikitikia. Lakini bendi zilizopungukiwa na vituo vikubwa zimekuwa na nafasi, na ndani ya nafasi hiyo vituo vya nguvu ya wastani ambavyo zamani vingefunikwa sasa hupenya. RNZ Pacific ya New Zealand, yenye mtambo wa kilowati 100 na antena zilizoelekezwa visiwa vya Pasifiki, ndicho kituo kilichonipa furaha kuliko vyote. Nilikipata wakati wa mapambazuko, katika kile kipindi kifupi ambacho njia ya mawimbi hufuata mpaka wa mchana na usiku kuizunguka dunia. Nilikitambua kwa sauti ya ndege wao, korimako, kabla ya saa kamili. Filta ilikuwa kwenye kilohezi 2, SSB kwenye upande wa juu, na kipimo cha nguvu hakikusogea hata kidogo.

Redio kubwa ya mezani ingenipa filta bora zaidi na isingejishusha sauti. Nimeamua kutoinunua kwa sasa, na fedha nimeielekeza kwenye antena ya kitanzi, ambayo ukiigeuza hupunguza makelele yanayotoka upande mmoja. Kwenye bendi ya mita 49 imenisaidia sana; juu ya megahezi 15, waya ule wa mita chache uliotundikwa nje bado unaishinda, nami huuunganisha tena kila mchana.