Godox SL60W kwa Picha za Bastola: Taa Moja, Karatasi na Kadi Nyeusi

Karibuni watazamaji. Leo mezani ipo Godox SL60W, taa ya LED ya studio inayowaka muda wote, na tunaipima kwa kazi moja tu: kupiga picha za bastola zilizolala mezani, zile picha za mnada na za makusanyo. Marekani, ambako bastola za zamani huuzwa kwenye minada mikubwa kama ya kampuni ya Rock Island, mnunuzi aliye majimbo matatu mbali anaamua bei kwa kutazama picha. Akiona chuma kimemeremeta ovyo, anajiuliza unaficha nini. Kwa ndugu zetu wa Kenya na Tanzania, silaha halisi ni ya mwenye leseni, lakini ninyi mnaopiga picha bastola za bandia za filamu na maigizo, mwanga utawasumbua vilevile.

Mfano wetu ni Colt Python ya mtutu wa inchi 6, rivolva (bastola ya silinda inayozunguka), ile ya buluu, yaani chuma kilichotiwa dawa kikawa buluu nzito, iliyong'arishwa ambayo Colt waliianza mwaka 1955. Ni mtihani mgumu kwa makusudi. Mtutu na silinda ni mviringo, ubavu wa fremu (kiunzi cha chuma cha bastola) ni bapa, mpini ni mbao ya jozi yenye mistari midogo iliyochongwa ikikatizana, na chuma chote ni kioo. Taa ikifaulu hapa, Glock nyeusi isiyong'aa ni kazi nyepesi.

Usalama kwanza. Rivolva: fungua silinda, tazama matundu yote sita, yapitishe kidole. Bastola ya magazini: toa magazini kwanza, ndipo uvute slaidi na kukagua chemba. Ukianza na slaidi, ikirudi mbele inaingiza risasi nyingine kutoka kwenye magazini na wewe unadhani umeshamaliza. Risasi hai zisiwepo kabisa chumbani. Picha ikihitaji risasi, tumia za mazoezi zisizo na baruti wala fataki. Na ukitaka mdomo wa mtutu uelekee lenzi, kamera ikae kwenye tripodi, upige kwa rimoti, asiwepo mtu nyuma yake.

Haya, taa yenyewe. Wati 60, mwanga wa aina moja tu wa 5600K (rangi ya mchana), CRI ya kiwanda (kipimo cha taa kuonyesha rangi halisi, mwisho 100) ni 95 na zaidi, unaipandisha kutoka asilimia 10 hadi 100, na shingo yake, pale pa kufungia vifaa mbele ya taa, ni ya mtindo wa Bowens. Hiyo shingo ni jambo kubwa kuliko wati zake, kwa sababu karibu kila softboksi (kasha la kitambaa la kulainisha mwanga) ya bei nafuu unayoikuta dukani inaingia. CRI nayo si mapambo. Buluu ya Colt ina kina kinachokaribia weusi, na taa yenye rangi mbovu huisukuma kwenye kijani. Mnunuzi mzoefu akiona kijani anashuku chuma kimepakwa rangi upya, na silaha iliyopakwa upya hupoteza thamani.

Kwa nini taa inayowaka muda wote na si flashi? Kwa sababu bastola iliyong'arishwa huimulikii, unaipa kitu cha kuakisi. Unachopiga picha ni sura ya vitu vilivyoizunguka. Kwa flashi unabahatisha, unapiga, unatazama, unasogeza. Kwa hii unasogeza karatasi sentimita mbili na unaona mstari mweupe ukitembea juu ya mtutu, hapo hapo.

Hapa nitawasema vibaya wauzaji wa mahema ya mwanga, yale masanduku meupe yenye mistari ya LED juu. Kwa vikombe na viatu, sawa. Kwa Python, hapana. Hema linaipa bastola weupe pande zote, kwa hiyo chuma cheusi kinageuka kijivu cha majivu na kingo zote zinapotea. Kibaya zaidi, vile vitaa vinaonekana kimoja kimoja juu ya mtutu, vimepangana kama shanga. Hakuna programu itakayokuondolea hizo bila kuharibu umbile la chuma.

Sasa mpangilio. Tengeneza fremu ya mbao ya sentimita 60 kwa 90, vuta juu yake karatasi ya tresingi, ile ya wachora ramani, ikaze isiwe na mikunjo. Mikunjo utaiona kwenye silinda, usijidanganye. Simamisha fremu nyuma ya bastola, upande wa pili wa meza kutoka kwenye kamera, ukingo wake wa chini uwe sentimita 15 hivi kutoka kwenye silaha, halafu uilaze kidogo ije juu ya meza, bila kuziba njia ya kamera. Taa ikae nyuma ya karatasi, na ile rifleta yake ndogo ya kawaida, kikombe cha kuakisi kinachofungwa mbele yake. Softboksi iache kwenye mfuko.

Ndiyo, iache. Softboksi nzuri inatoa weupe ulio sawa kutoka pembe hadi pembe, na hicho ndicho hatukitaki hapa. Taa ikiwa sentimita 40 hadi 50 nyuma ya karatasi, inaacha doa kali katikati linalofifia taratibu kuelekea kingoni. Huo mteremko wa mwanga ndio unaoingia kwenye mtutu: mstari mweupe juu, kijivu, halafu weusi chini. Jicho linasoma mviringo. Rudisha taa nyuma mita moja na nusu, karatasi yote inakuwa nyeupe sawasawa, na mtutu unaonekana bapa, wenye ukanda mweupe uliokatwa kwa kisu. Isogeze hadi sentimita 20, doa linakuwa dogo mno na unapata mwako mmoja wa kuumiza macho. Elekeza kitovu cha taa kwenye theluthi ya chini ya karatasi, kisha panda na kushuka kidogo kidogo huku ukitazama skrini ya kamera.

Mtutu ukishakubali, ubavu wa fremu ya bastola utakugomea. Ule ni bapa, na kilicho bapa kinaakisi upande mmoja tu, pembe ya kuingia sawa na ya kutoka. Kamera ikiwa juu kabisa imetazama chini, ubavu unaakisi kamera na dari, unatoka mweusi tii huku mtutu uking'aa. Wengi hapo huongeza taa ya pili. Haisaidii. Chukua kioo kidogo cha mfukoni, weka kipande cha kitambaa chini yake kisikwaruze, kilaze juu ya ubavu wa bastola, halafu tazama kwa kamera. Unachokiona ndani ya kioo ndicho ubavu unachokiakisi. Ukiona dari, shusha kamera au inua upande mmoja wa bastola nyuzi tano hadi kumi mpaka karatasi iingie kwenye kioo. Kwa kamera iliyo nyuzi 60 kutoka mezani, mara nyingi nyuzi chache tu zinatosha.

Kuinua huko kunahitaji vifutio vya penseli au ile gundi laini ya kubandikia mabango. Rivolva ukiilaza tu, silinda inaibeba katikati, mtutu unainama, mpini unaning'inia. Weka kipande chini ya mtutu karibu na mdomo, kingine chini ya mpini, na hakikisha havionekani.

Upande wa mbele, karibu na kamera, weka fomubodi (ubao mwepesi wa povu) nyeupe ndogo irudishe mwanga chini ya fremu ya bastola na kwenye kilinda kifyatulio. Ndogo, tafadhali. Ikiwa kubwa inaua weusi wote na unarudi kwenye hema. Kwa Python iliyorudi sokoni mwaka 2020, ile ya stenlesi, geuza mambo: hapo weupe upo tele, kinachokosekana ni kingo. Kata vipande vya kadi nyeusi vyenye upana wa sentimita 5, visimamishe kando ya mtutu nje kidogo ya picha. Kila kimoja kinachora mstari mweusi kwenye ukingo, na bastola inajitenga na mandhari.

Maandishi yaliyogongwa kwenye chuma hayatokei kwa mwanga mpana peke yake. Upande wa kushoto wa mtutu pana jina la Python, na kwenye fremu yupo farasi wa Colt aliyesimama kwa miguu ya nyuma. Tumia tochi ndogo ya LED iliyolala karibu sambamba na chuma, nyuzi 15 hivi, herufi zipate kivuli. Ila piga picha hiyo peke yake, ya karibu. Ukiichanganya na picha kuu, tochi inaacha kidoa kikali kwenye silinda.

Kamera. Bastola hii ina urefu wa sentimita 29 hivi, kwa hiyo unapiga eneo la sentimita 40. Kwa kamera ya sensa kamili (full-frame) na lenzi ya milimita 100, unakaa kama mita 1.2. Kwa tundu la lenzi la f/11 unapata kina cha takriban sentimita 9 za ukali, zinatosha silaha iliyolala. Ikielekezwa mshazari kuja kwenye lenzi hazitoshi. Wala usikimbilie f/22, picha yote inalegea. Piga picha sita hadi nane ukihamisha fokasi kutoka mdomo wa mtutu hadi mpini, uziunganishe kwenye kompyuta. ISO 100, anzia nusu sekunde, kipima muda cha sekunde mbili, faili la RAW. Zima taa zote za chumba na funga pazia, kwa sababu SL60W haibadilishi rangi yake ifuate balbu ya njano. Piga picha moja yenye kadi ya kijivu, ya kurekebishia rangi, mahali bastola ilipo. Na vaa nguo nyeusi: shati jekundu litaonekana kwenye silinda, na utahangaika saa nzima kutafuta wekundu umetoka wapi.

Kuhusu filta ya polaraiza, watu hupoteza pesa wakidhani itafuta mng'ao wa chuma. Chuma kitupu hakitii filta hiyo ikiwa kwenye lenzi peke yake. Itasaidia mpini wa mbao uliopakwa vanishi na fremu za plastiki, lakini mtutu utabaki vilevile. Ukitaka chuma kitii, weka na karatasi ya polaraiza mbele ya tresingi, upande wa bastola, halafu zungusha ya lenzi. Lakini hapo bastola inaonekana imekufa, haina uhai. Mimi nisingependekeza.

Usafi unaokoa kazi ya kompyuta. Kipulizio cha mpira, kitambaa cha maikrofaiba, glavu. Alama za vidole si uchafu wa picha tu, chumvi ya jasho huanzisha kutu kwenye buluu. Mafuta yabaki utando mwembamba. Yakizidi yanajikusanya kwenye mifereji ya silinda na kuonekana kwenye picha. Vumbi lifute kwenye programu, mikwaruzo iache. Mnunuzi anailipia silaha hiyo pamoja na mikwaruzo yake.

Kwenye kupanga picha nina maneno machache. Acha nafasi zaidi upande mtutu unakoelekea, si nyuma ya mpini. Mandhari ya kigae cha kijivu kilichokolea au mbao isiyong'aa yanaikubali Python. Mahameli meusi yatameza kingo zake. Risasi zilizomwagwa, karata, glasi ya pombe: tumeziona vya kutosha. Kama lazima kiwepo kitu, kiwe kimoja, na kiwe kinahusiana na silaha hiyo, mathalani sanduku lake la asili.

Kasoro za taa. Feni yake inanguruma muda wote. Kwa picha hainiumizi, kwa anayerekodi sauti ni kero, na huyo atazame toleo la pili, SL60II, lenye hali ya kimya. Haina betri, inategemea umeme wa ukutani, kwa hiyo mgao ukija katikati ya zile picha nane za fokasi unaanza upya. Na ukiining'iniza softboksi nzito, kiungio cha kuinamisha huelekea kulegea taratibu. Kaza, weka mfuko wa mchanga kwenye stendi.

Kama tayari unayo flashi yenye taa ya kuelekezea inayowaka vizuri, usinunue hii, nunua rola ya tresingi na fomubodi. Kama unapiga bastola za plastiki nyeusi tu kwa tangazo la kawaida, dirisha la upande wa kivuli likifunikwa na karatasi hiyo hiyo linatosha. Ila kwa anayepiga chuma kilichong'arishwa kila wiki, usiku na mchana, na anataka rangi ya picha ya leo ilingane na ya mwezi ujao, SL60W moja inatosha. Ya pili msiniulize. Nunua kadi nyeusi.