TAHADHARI: Kitanda cha "mninga" cha Instagram, kumbe paini iliyopakwa rangi

Jamani someni hii, hasa mnaotafuta kitanda sa hivi. Kuna akaunti za Instagram zinajitangaza ziko Keko hapa Dar, zinauza vile vitanda vya vinteji vyenye miguu myembamba inayochongoka kwenda chini, hedibodi ya henzirani au ya velveti yenye vifungo, picha nzuri mno, bei nayo inavutia, wanakwambia mninga mtupu, lipa nusu tuanze kazi. Mdogo wangu kalipa laki nne na nusu ya kuanzia, cha 6 kwa 6, akamalizia kilivyofika. Haikupita muda mrefu mguu mmoja ukachomoka usiku wamelala na mtoto, tunamshukuru Mungu hakuumia. Fundi wa mtaani alivyokigeuza ni paini tupu imepakwa rangi, nyuma ya hedibodi ni MDF (ule ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa) imepigwa stepo. Jina la akaunti siweki maana wameshalibadilisha, na ile picha tuliyoipitisha Google Lens ni ya duka la nje huko, hawa matapeli hawajawahi kukitengeneza hicho kitanda hata siku moja.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mtindo huu hauchezewi mbao. Umeigwa kwenye fanicha za Denmark na majirani zake za miaka ya 1950 na 1960, na wale walikuwa wanatumia mtiki na mbao nyingine ngumu, ndo maana mguu mwembamba vile unabeba watu wawili bila shida. Paini ya Mafinga sina ugomvi nayo, kenchi za nyumba nyingi tu ni hiyo hiyo, ila ukiichonga mguu mwembamba tena umelala kwa nje, skrubu zinalegea, kitanda kinaanza kulia kila ukigeuka, afu ndo mguu unaachia. Kama bajeti yako ni ya paini we chukua kitanda cha miguu minene ya mraba, utakaa nacho miaka.

Sasa ujanja wao wote uko kwenye rangi na kitambaa. Kwa hiyo mwambie fundi wazi kabisa, nakuja kukiona kabla hujapaka na kabla hujavalisha hedibodi, na akianza kukuzungusha huyo achana nae. Ukifika ushike ubao wenyewe. Mninga una uzito, una kahawia yenye michirizi iliyokolea, paini ni nyepesi na ina vifundo vingi. Mninga nao una sehemu nyeupe pembeni karibu na gome, hiyo usikubali kwenye fremu maana bungua wanapenda kuanzia hapo, unashangaa unga unga sakafuni kila asubuhi. Kama kimeshapakwa kwaruza kidogo na funguo kwa chini ambako hakuonekani, ukiona weupe umetokea uliza maswali. Henzirani ya kweli ukiilowesha inanywa maji na kulainika, ya plastiki maji yanateleza tu. Na vipimo, watu wengi wanaibiwa hapa, futi 6 ziwe za ndani panapolala godoro, sio za nje ya fremu! Cha 6 kwa 6 kiwe na bimu katikati yenye mguu wake, chaga ziwe nene na zisiachane sana, la sivyo hata godoro zuri litabonyea.

Kuhusu hela, usitume kwa namba yenye jina tofauti na la mtu unaeongea nae, hata akikwambia ni ya shemeji yake au ya mhasibu. Omba video ya karakana siku hiyo hiyo akiwa anataja jina lako na oda yako, wa kweli hashindwi. Na usimalizie hela gari likiwa getini huku wapakiaji wanakuharakisha, kigeuze kwanza hata kama wananuna.

Ambao mmeshapigwa msifute meseji za muamala wala chati, piga skrinshoti ya akaunti haraka kabla hawajabadili jina, nendeni polisi mchukue RB (ile namba ya taarifa yako polisi), na namba ya tapeli iripotiwe kwenye 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Mdogo wangu RB yake anayo, kesi bado inafuatiliwa.