Stovu za mafuta za safari: ipi inamfaa mpishi wa Tanga

Yale makopo madogo ya gesi wanayotembea nayo watalii usiyategemee Tanga. Utaizunguka Ngamiani kuanzia barabara ya kwanza, na utakachoonyeshwa ni mitungi ya nyumbani ya kilo 6 na kilo 15, ambayo hakuna bega la kuipandisha Lushoto kwa miguu. Kwa anayelala kwenye msitu wa Magamba, au anayetembea ufukweni kutoka Pangani kwenda Ushongo, yanabaki mambo mawili: kuni, na msitu wa hifadhi si mahali pa kukatia kuni, au stovu inayokula mafuta ya sheli. Tunazipima hapa tatu zinazojulikana zaidi: MSR WhisperLite International, MSR DragonFly na Primus OmniFuel. Kwa mwenye haraka, hukumu ni hii: wa chai na tambi achukue WhisperLite, wa wali wa nazi achukue DragonFly au OmniFuel, na asiyependa kusafisha kitu kila baada ya safari aachane na zote tatu.

Zote ni ukoo mmoja. Chupa ya alumini inakaa pembeni, pampu imefungwa kwenye mdomo wake, na mrija mwembamba unapeleka mafuta kwenye kichwa cha jiko. Mrija huo hupita ndani ya ndimi za moto kabla ya kufika kwenye nozeli, na hapo ndipo kazi inapofanyika: mafuta yanageuka mvuke, mvuke unachomoka kwa kasi kwenye kitundu cha chini ya nusu milimita, unavuta hewa njiani na kuwaka buluu bila masizi. Kanuni ni ileile ya stovu za Primus zilizoanzia Sweden mwaka 1892, zile za shaba zilizokuwa zikinguruma majikoni mwa bibi zetu. Jiko la mchina linanyonya kwa tambi, halina presha, ndiyo maana ni taratibu na linapaka sufuria masizi. Stovu ya pampu huchemsha lita moja ya maji kwa dakika nne hivi, ikitumia kama mililita 20 za mafuta.

Kabla ya kuchagua jina, chagua mafuta. Kwa pwani, mafuta ya taa ndiyo ya kuaminika. Mvuke wake huanza kupokea cheche kwenye nyuzi 38 hivi za joto na kupanda, ilhali petroli hupokea hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Yakimwagika mkekani mafuta ya taa utayafuta. Petroli ikimwagika, mvuke wake unatambaa chini kuutafuta moto uliko. Chupa ya petroli iliyoachwa juani mchana wa Januari hujipandishia presha yenyewe bila kuguswa pampu.

Mafuta ya taa yana kero zake. Kuwasha kunachukua muda. Harufu haiondoki: tone moja likiingia kwenye mfuko wa mchele, mchele wote umekwisha. Na siku hizi si kila sheli inayo. Kodi yake ilipandishwa mwaka 2011 ili kuzuia uchakachuaji wa dizeli, na tangu hapo si mafuta ya bei ya mnyonge tena. Tanga ina bandari inayoshusha mafuta, lakini mafuta ya taa ya kanda hii mara nyingi yanafuatwa Dar es Salaam. Bei kikomo za EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutoka Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Ziangalie kabla hujapimiwa chupa dukani kwa bei ya kubuni.

Petroli ina ubora mmoja mkubwa: ipo kila palipo na bodaboda. Ukiishiwa mafuta huko milimani, petroli ya chupa utaipata kabla hujapata mafuta ya taa. Ila ina viongezeo vya injini vinavyoacha utando ndani ya mrija, na moshi wake haufai kuvutwa. Ifanye ya akiba. Dizeli inakubaliwa na DragonFly na OmniFuel; WhisperLite haiitaki. Hata zinazoikubali, itumie pale tu ambapo njia mbadala ni kulala na njaa.

Mafuta ya barabarani, yawe ya taa au petroli, yamimine kwanza kwenye chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, uyaache yatulie dakika kumi. Maji ni mazito kuliko mafuta, kwa hiyo yatajikusanya chini kama gololi inayoteleza ukiinamisha chupa. Mimina ya juu kupitia kitambaa cha pamba, acha kidole kimoja cha chini. Kibatari kinavumilia takataka, nozeli haivumilii.

WhisperLite ndiyo nyepesi kati ya tatu, gramu 300 na kitu bila chupa, na haipigi kelele nyingi. Tatizo lake ni koki: inayo moja tu, nayo iko kwenye pampu, mbali na moto. Ukiipunguza, mafuta yaliyokwisha kuingia kwenye mrija yanaendelea kuwaka sekunde kadhaa kwanza. Unadhani haijapungua, unaikaza tena, inazimika. Kwa maji ya chai hilo halina neno. Kwa wali wa nazi ni msiba: moto unapiga katikati ya sufuria kama dole gumba, tui linakauka juu, chini kunatokea ukoko mweusi wenye duara la ukubwa wa kichwa cha jiko, na pembeni punje bado zina kiini. Unaweza kuilainisha kidogo kwa kujaza chupa nusu na kupiga pampu mara nane au kumi tu, ili presha iwe ndogo tangu mwanzo, na kuweka kipande cha bati kati ya moto na sufuria. Inasaidia, ila ni kubembeleza.

DragonFly na OmniFuel zina koki mbili, moja ya pampu na nyingine karibu na kichwa cha jiko. Hiyo ya pili ndiyo unayolipia. Inashusha moto hadi ukaona kipete cha buluu kisichozidi urefu wa ukucha, nacho kinakaa hapohapo. Wali unapikwa hivi: tui jepesi lichemke kwa moto mkubwa, mchele uingie, likikaribia kukauka tia tui zito na ushushe koki ya jiko hadi karibu na mwisho. Hakuna makaa ya kupalia juu ya mfuniko, kwa hiyo likishakauka zima kabisa, viringisha sufuria kwenye kanga nzito na uiache dakika 20. Wali unamalizia kuiva kwa joto lake.

Kasoro ya DragonFly ni mngurumo. Huwezi kuongea na mwenzio ng'ambo ya sufuria bila kupaza sauti. Ina uzito wa kama gramu 400, miguu yake ni mipana na inashika sufuria ya lita tatu bila kuyumba. OmniFuel ni imara zaidi kwa chuma chake, inakubali pia makopo ya gesi (ambayo hapa huna), na nozeli zake zimeandikwa namba: 0.45 ya gesi, 0.37 ya petroli, 0.28 ya mafuta ya taa na dizeli. Namba hizo usizidharau. Mafuta ya taa yakipita kwenye 0.37 yanatoka mengi kuliko hewa, moto unakuwa wa njano na sufuria inakuwa nyeusi. Petroli kwenye 0.28 inawaka kinyonge. Ukisikia mtu analalamika kuwa stovu yake mpya inatoa moshi, muulize kwanza kama alibadilisha nozeli. Bei ndiyo inauma: hata WhisperLite ni dola 100 na kitu, OmniFuel inapita hapo mbali.

Kuwasha ndipo wengi wanapokosea, na karibu kila hadithi ya "stovu ililipuka" inaanzia hapa. Jaza chupa hadi mstari uliochorwa, usipite. Hewa iliyobaki juu ndiyo inayobeba presha. Piga pampu mara 20 hadi 30 ikiwa chupa imejaa. Ikibaki robo, itataka zaidi ya mara mbili ya hapo, kwa sababu nafasi ya hewa ni kubwa. Kabla ya kufungua koki, mrija upashwe kwanza kwa moto mdogo kwenye kikombe cha kupashia, kile kilicho chini ya kichwa cha jiko. Mafuta ya taa yenyewe hayawaki vizuri humo, yanatoa masizi matupu, kwa hiyo tumia spiriti ya duka la dawa, kijiko cha chai kimoja hadi viwili. Spiriti mchana haionekani ikiwaka. Pitisha kiganja kwa juu, mbali, ujue kama ipo. Isubiri mpaka ndimi zikaribie kufa, dakika moja na nusu hivi, kisha fungua koki robo ya mzunguko. Ukisikia mvumo na kuona buluu, umefaulu. Ukiona ndimi za njano ndefu, mafuta yanatoka yakiwa maji bado: funga, acha ndimi zizime zenyewe, subiri ipoe kabisa, anza upya. Usiongeze spiriti kwenye kikombe chenye moto, hata kama umekiona "kimezimika".

Ndimi za makosa hayo zinaweza kupanda kufika kiunoni. Usiwashe chini ya makuti. Usiwashe ndani ya hema pia. Ukiacha moto wenyewe, gesi ya kaboni monoksidi haina harufu na inaua mtu akiwa usingizini.

Wakati wa kusi, ufukweni, hakuna stovu inayofanya kazi bila ngao ya upepo. Zungushia ile karatasi ya alumini jiko na sufuria, chupa ibaki nje. Kila baada ya dakika chache ishike chupa: kiganja kikishindwa kutulia juu yake, fungua ngao upande wa chupa. Miguu ya stovu inazama mchangani, kwa hiyo tembea na kipande cha ubao cha ukubwa wa kitabu, ukifunike kwa bati.

Baada ya hapo ni huduma, na pwani inadai huduma nyingi kuliko milima. Hewa ya chumvi inakula skrubu na kugandisha koki. Ukirudi, futa chuma chote kwa kitambaa chenye maji yasiyo na chumvi, kausha. Ile washa ya pampu, yaani kipete kinachosukuma hewa ndani yake, kwenye stovu nyingi ni ya ngozi. Ikikauka pampu inakwenda bila kusukuma kitu, kama kupuliza tairi lililopasuka. Dawa yake ni matone mawili ya mafuta ya cherehani. Mafuta ya nazi usiyatie: yanaganda chini ya nyuzi 24 hivi, na Lushoto asubuhi ni baridi kuliko hapo, utaikuta pampu imekwama.

Oringi, vile vipete vya mpira vinavyoziba maungio, zikichanika, usikubali fundi akukatie mpira wa tyubu ya baiskeli. Mpira huo unavimba ukikutana na petroli, kesho yake chupa inavuja karibu na moto. Inatakiwa oringi isiyodhurika na mafuta, ya aina inayofungwa kwenye mifumo ya mafuta ya magari. Afadhali uagize seti nzima ya spea siku ileile unayoagiza stovu, maana hapa mjini hutaipata.

Moto ukianza kukohoa, sababu ni mbili: maji kwenye mafuta, au uchafu kwenye nozeli. Stovu za MSR zina sindano inayocheza ndani: zima, ipoe, tikisa jiko juu chini mara kumi. Lisipopona, fungua nozeli. Kwenye WhisperLite, waya uliomo ndani ya mrija unavutwa kwa kifaa chake, unafutwa ule ukoko mweusi na kurudishwa, mara kadhaa hadi upite bila kukwaruza. Ni kazi ya dakika kumi na mikono michafu.

Maharage makavu yaache nyumbani. Chupa ya mililita 591 ikiwaka kwa nguvu zote inamaliza saa mbili na kidogo, na kule juu Lushoto, kama mita 1,400, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, hivyo maharage yanataka muda zaidi ya hapa mjini. Beba choroko zilizolowekwa au dagaa.

Stovu kongwe za shaba nazo bado ni kazi safi kwa mafuta ya taa, zina moto mzuri, na fundi wa bati anaweza kuzichomelea kwa risasi. Ila zina uzito wa kilo na zaidi, na tangi liko chini ya moto. Petroli usiitie humo kamwe. Limau na majivu yanairudishia shaba rangi yake.

Ukinunua ya mtumba, mathalani za wapanda mlima zinazouzwa Moshi na Arusha, usitoe hela kabla ya kuipima. Tia maji safi kwenye chupa badala ya mafuta, funga pampu bila kuunganisha jiko, piga mara 20, kisha zamisha chupa na shingo ya pampu kwenye ndoo na uhesabu hadi 60. Mapovu kwenye uzi wa chupa ni oringi, hilo linatengenezeka. Mapovu kwenye mwili wa pampu yenyewe, penye plastiki, ni ufa, mrudishie mwenyewe. Ikipita, mwaga maji yote na uianike siku nzima kabla ya kutia mafuta.