AntennaPod kwa tunaoishi ughaibuni: uzoefu wangu

Tangu nihamie nchi ya baridi, siku yangu inaendeshwa na mambo matatu ya kwenye simu: utabiri wa hali ya hewa, mitandao ya kijamii na podikasti, yaani vipindi vya sauti vya kwenye intaneti. Leo naandika kuhusu programu ninayosikilizia podikasti, AntennaPod, kwa sababu ndiyo iliyonipangia upya hayo mengine mawili, na natamani kila mgeni wa baridi aijue mapema.

Ni programu ya simu za Android, ya bure, ya chanzo huria (msimbo wake uko wazi kwa yeyote), na wanaoiendeleza ni watu wanaojitolea. Ipo tangu 2012. Haikulazimishi kufungua akaunti wala haikuwekei matangazo yake, ingawa tangazo linalosomwa ndani ya kipindi utalisikia kama kawaida. Unatafuta kipindi, unajiunga, basi.

Kilichonivutia zaidi ni jinsi inavyofaa kwa mtu anayetembea kwenye baridi. Kioo cha simu hutambua kidole kwa sababu ngozi hupitisha umeme kidogo. Ukivaa glavu nene ya sufu, unabonyeza na hakuna kinachotokea. Kila ukitaka kuruka tangazo inabidi uvue glavu, na upepo ukishavipata vidole hujui vitapata joto lini. Ndani ya mipangilio ya AntennaPod unaweza kuamua kitufe cha kupeleka mbele cha spika za masikioni kifanye nini. Changu nimekiweka kiruke sekunde 30 badala ya kuhamia kipindi kingine. Nabonyeza juu ya kofia, glavu ikiwa mkononi, na safari inaendelea. Simu yenyewe inakaa mfuko wa ndani wa koti, karibu na kifua, kwa sababu betri za lithiamu hupungukiwa nguvu kwenye baridi kali na simu inaweza kuzima huku ikionyesha bado ina chaji.

Usiku simu ikiwa kwenye chaji na waifai, vipindi vipya vinapakuliwa vyenyewe. Kwa hiyo njiani sitegemei mtandao. Basi likiingia kwenye handaki sauti haikatiki, na bando langu nalitunza kwa simu za nyumbani.

Asubuhi kitu cha kwanza kukifungua ni Yr, huduma ya utabiri ya Taasisi ya Hali ya Hewa ya Norwei na shirika la utangazaji la NRK, iliyoanza 2007 na inayotoa utabiri wa dunia nzima. Anayetoka nchi ya joto huwa anatazama nyuzi tu, lakini mimi nimejifunza kuuangalia upepo kwanza. Mwili hujizungushia tabaka jembamba la hewa ya joto, na upepo kazi yake ni kuliondoa. Nyuzi 2 zenye upepo mkali zinaweza kukutesa kuliko nyuzi sifuri zilizotulia. Jibu la Yr ndilo linalopanga foleni yangu ya kusikiliza. Siku ya mvua na upepo napanda basi, kwa hiyo habari fupi zinakuja juu. Siku kavu natembea, na yale mazungumzo marefu ya saa nzima yanapata nafasi yake. Kupanga ni kuburuta tu kipindi kwa kidole, juu au chini.

Sasa kuperuzi. Tunaoishi mbali tuna shida yetu: tofauti ya saa. Ukiwa umelala, wenzako wameshaongea, wamecheka, wamebishana, na ukiamka unakuta rundo. Unaingia kujibu salamu ya mtu mmoja, unajikuta unatazama video za watu usiowajua. Ukurasa usio na mwisho, unaojiongeza kila unapoteremka, ambao mbunifu wa programu Aza Raskin aliubuni mwaka 2006, hauna mahali pa kukuambia sasa inatosha. Siwezi kuiacha mitandao, maana habari za misiba na harusi ziko huko huko na mtu wa mbali asipojibu anaonekana amesusa. Ila nimeipangia wakati wake, baada ya matembezi. Kipindi cha podikasti kina mwanzo na mwisho, na kikiisha nakuwa nimefika ninakokwenda, nikiwa na jambo la kufikiria.

Kwa lugha ya ugenini programu hii imenisaidia mno. Watangazaji wa redio za hapa huongea haraka, lakini AntennaPod inakuruhusu kuweka kasi tofauti kwa kila podikasti. Habari za hapa nazisikiliza kwa kasi ya 0.8, maneno yanaachana vizuri na naweza kuyarudia kimoyomoyo. DW Kiswahili na Habari za UN nazisikiliza kwa mwendo wao wa kawaida, kwa sababu pale nafuata mpaka pumzi ya msemaji. Kuna siku hiyo ndiyo sauti pekee ya Kiswahili ninayoisikia tangu asubuhi hadi jioni. Usiku naweka kipima muda ili sauti ijizime nikilala. Kama bado niko macho natikisa simu, muda unaanza upya, bila kuwasha taa ya kioo.

Upungufu upo. Mwenye iPhone haimhusu kabisa. Kwa kuwa inasoma milisho ya RSS iliyo wazi, yaani orodha za vipindi ambazo programu yoyote inaweza kuzisoma, vipindi vilivyofungiwa kwenye jukwaa moja la kulipia havimo, na vipo vipindi vizuri vya Kiswahili vinavyowekwa kama video tu, navyo hutavikuta. Kuoanisha orodha za simu mbili kunahitaji huduma ya nje kama gpodder au Nextcloud, na hapo asiyependa mambo ya mipangilio atachoka mapema. Mwonekano wake pia ni wa kawaida sana, jambo ambalo mimi halinisumbui.

Ukiamua kuijaribu, anza na podikasti chache, zima upakuaji kwa bando tangu siku ya kwanza, na mara moja moja hifadhi orodha yako kama faili la OPML. Ukibadilisha simu au ukihamia programu nyingine, unalifungua faili hilo na podikasti zote ulizojiunga nazo zinarudi mahali pake.