TAHADHARI: Anauza "washa za shaba" za shokapu za pikipiki za zamani, ni chuma kilichochovywa shaba

Wakuu, nimepigwa. Naandika kwa hasira, lugha mtanisamehe.

Mashine yenyewe ni pikipiki yangu ya zamani. Safari hii ni shokapu za mbele. Sili mpya, bushi mpya, zimebaki zile washa, vipete bapa vya kuziba, za bolti ya chini inayoshika fimbo ya dampa, ile ya ndani inayotuliza mdundo wa shokapu. Kidude chenyewe kidogo, ila ndicho kinachozuia oili yote isimwagike.

Jamaa anatangaza "seti kamili ya shaba, zimeshachomwa, laini". Nikamuuliza, kwa nini shaba na si alumini au faiba? Akajibu kama mwalimu. Faiba huzeeka, husinyaa na kupasuka. Alumini inaziba vizuri, lakini ikishabanwa mara moja tupa, na usijaribu kuichoma hovyo, maana huyeyuka kwenye 660°C kabla hujaona wekundu wa maana. Shaba, hata ikishakuwa ngumu, unaichoma tena mpaka ipate wekundu uliofifia, inarudi laini. Na yote ni kweli! Hapo ndipo aliponimaliza. Tapeli mjinga unamstukia, huyu kazi anaijua. Kisha akanitumia video: koleo lenye mishikio ya njano, moto wa gesi, washa inaiva taratibu, anaidumbukiza kwenye beseni la bluu, tss, halafu anaikunja kwa vidole. Nani asingetuma hela?

Mzigo ukafika na kikaratasi cha shukrani ndani, washa zinang'aa kama sarafu mpya. Nikampa nyota tano. Ile sifa bado ipo pale, imegoma kufutika, kila nikiiona natamani ardhi inimeze.

Nikafunga, nikamimina oili. Asubuhi yake kuna duara la oili chini ya mguu wa kushoto wa shokapu. Nikamwandikia. "Kaza kidogo kaka, shaba inahitaji kukaa." Nikakaza, ikavuja. "Kaza tena, usiogope." Bolti ikaanza kuzunguka bure. Nilipoichomoa ilikuja na nyuzi za alumini zimejiviringisha kwenye meno yake, na pale washa inapokalia pamechimbika duara zima. Shaba laini ingelala yenyewe, isingekula kiti chake. Na mguu ule hautengenezwi tena, wakuu, mnajua nilivyoutafuta!

Nikaleta sumaku. Washa ikaruka ikanasa. Nikaikwangua kwa tupa: juu wekundu mwembamba kama ganda la kitunguu, chini yake kijivu kitupu. Nikampigia picha. Akanibloku.

Huyu afungiwe akaunti, laini ya malipo ifungwe, arudishe hela na anilipe mguu wangu wa shokapu. Washa ya chini ikiachia, oili inaweza kurukia tairi na breki ukiwa mwendoni. Mtu wa hivi si mfanyabiashara, ni muuaji anayetuma vikaratasi vya shukrani. Polisi nao wamtafute, sijali kama kesi ni ya washa.

Ishara? Shaba iliyotoka motoni haing'ai, inakuwa na magamba meusi mpaka uisugue au uioshe kwa asidi. Zangu zilimeremeta na yeye anadai kazichoma! Sumaku haishiki shaba wala alumini. Pimeni moja moja, kwenye seti yangu mbili za juu ya pakiti zilikuwa shaba halisi, na sidhani ni bahati mbaya. Zile za chuma zenye mpira katikati ni kitu kingine, hizo kunasa sumaku ni kawaida, msije mkamwonea muuzaji wa watu. Hapo ulizia kama mpira ni wa nitraili, ule wa kiwandani unaovumilia oili, maana mpira wa asili huvimba kwenye oili.

Jina la akaunti anabadilisha kila mara, kwa hiyo mshikeni kwa ile video ya koleo la njano na beseni la bluu. Akikutumia, mwambie apitishe sumaku juu ya pakiti yako mbele ya kamera, ndipo mzungumze bei.