Saa mbili usiku: programu ya kutafsiri iliyotutia aibu mbele ya afisa

Kama una jamaa anayeomba hifadhi hapa Marekani, na ofisi ya makaratasi ikakwambia "tafsiri tunafanya hapa hapa, akili mnemba inamaliza kwa dakika tano", beba karatasi zako uondoke. Nyota moja, na hiyo ni kwa kuwa sifuri hairuhusiwi.

Mama mdogo alikulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kule Kasulu, Tanzania, akarudi Fizi, Kongo, akakimbia tena. Maelezo yake aliyaandika mwenyewe kwa kalamu, kurasa nne, Kiswahili kilichonyooka. Mstari mmoja unasema: "Walituvamia saa mbili usiku, tukiwa tunakula." Mashine ikaiacha mbili ibaki mbili, ikawa saa mbili ya Kizungu, yaani saa nane yetu, usiku wa manane. Watoto wanakula ugali saa nane usiku!

Siku ya mahojiano mkalimani nilikuwa mimi. Mama mdogo anasema saa mbili, natafsiri inavyotakiwa, afisa anatazama karatasi, halafu ananitazama mimi. Akauliza tena. Na tena. Mara ya tatu mama mdogo akanigeukia: "Mwanangu, kwani nimekosea wapi?" Mkalimani haruhusiwi kutia la kwake. Nikalitafsiri na hilo swali, nikameza mate.

Kosa langu nalikubali, sikuisoma ile tafsiri kabla. Wiki hiyo nilikuwa zamu ya usiku. Lakini sheria ya hapa inataka mfasiri athibitishe kwa saini kwamba lugha anazijua na tafsiri yake ni kamili na sahihi. Saini ipo pale chini, imepambwa kweli kweli. Ya karani ambaye "asante" yenyewe inamshinda!

Nikamrudia na karatasi mkononi. Hata macho hakuyainua kwenye simu. "Programu haikosei namba," akasema. "Labda mama yako hakumbuki vizuri." Huyo mama anakumbuka mpaka sufuria iliyobaki jikoni, ile ya mfuniko uliopinda. Maneno ya yule karani nimeyabeba kazini, nimeyaoga, nimelala nayo.

Haya, mashine nayo nisiidhulumu. Usiku mmoja wa baridi mama mdogo alibanwa kifua, hospitali mkalimani hayupo, mimi simu sisikii kwa kelele za kazini. Programu hiyo hiyo ndiyo iliyomweleza muuguzi kwamba penisilini humvimbisha uso. Kwa hilo nyota tatu. Tuseme nne, maana mtu yu hai. Ila nikizifungua zile kurasa tena namkuta binti yake ameandikwa mvulana, kwa sababu "yeye" yetu haina mume wala mke na mashine ikajichagulia. Na mama mkubwa wetu, marehemu, amekuwa mama mwenye umbo kubwa. Moja. Narudi kwenye moja.

Juzi ofisi imetutumia ujumbe (faili bado liko kwao, tufanyeje), Kiswahili cha mashine ile ile: miadi yenu ni "saa nane asubuhi". Mama mdogo akausoma mara mbili, akavua miwani.

"Saa nane asubuhi ndiyo ipi, mwanangu?"