Mama ana vidole kumi, mashine haimtambui

Nyota moja kwa SHA, bima ya afya ya serikali huku Kenya, na hiyo yenyewe nampa muuguzi wa zamu ya asubuhi. Wengine wote watafute zao kwingine.

Mama yangu figo zimechoka. Mara mbili kwa wiki anakwenda kusafishwa damu katika hospitali moja huku kwetu Pwani. Jina nalimeza kwa sababu bado tunaihitaji, na sitaki siku moja tufike tuambiwe mashine imeharibika. Mwenye mgonjwa wa figo anaelewa. Hii si malaria, useme leo hajisikii vizuri, tutakwenda Jumatatu. Akiruka siku moja tu, maji yanapanda. Miguu inavimba, ukibonyeza juu ya kifundo kwa kidole, shimo linabaki pale pale kama umebonyeza unga uliokandwa. Usiku halali chali, anakaa kitako ameegemea ukuta anahema mpaka alfajiri, na wewe chumba cha pili unamsikia.

Sasa, tangu waondoe zile namba za siri zilizokuwa zikitumwa kwenye simu, mgonjwa anatambuliwa kwa kidole. Sababu waliyotoa ni wizi, na wizi ulikuwepo, hilo sipingi. Kulikuwa na hospitali zinadai pesa za wagonjwa hewa, mtu anaandikiwa amelazwa na kumbe yuko shambani kwake anapalilia. Waziri wa Afya, Aden Duale, alipozifungia hospitali kadhaa mwaka 2025 mimi nilishangilia hapa dukani hadi wateja wakanishangaa. Nilisema afadhali, pesa zetu zipate mlinzi.

Lakini mlinzi mwenyewe ndiyo huyu?

Mama alitusomesha kwa kuponda kokoto. Mliokulia huku mnaijua kazi hiyo: mwanamke amekaa chini kwenye kivuli cha makuti, nyundo mkono wa kulia, jiwe amelishika kwa kushoto, anagonga kutwa ili apate debe chache. Vidole vyake ukivishika leo, ncha zimelainika kabisa. Ile mistari ambayo sisi wengine tunayo haipo. Kidole gumba cha kushoto kina kovu refu alilolipata nyundo ilipoteleza, na ngozi ya pale inang'aa. Serikali hii hii ilimchukua alama hizo hizo alipokwenda kutafuta kitambulisho ujanani, zikiwa bado zipo. Kokoto zenyewe zimejenga nyumba za watu, nyingine huenda ziko kwenye msingi wa hiyo hiyo hospitali.

Basi siku hiyo, ilikuwa kipindi cha mvua kubwa na tumefika tumelowa, tukapanga foleni kwenye dirisha la bima. Kijana amekaa ndani, sikio moja lina kidude cha muziki. Mashine ya vidole iko mbele yake, imebandikwa selotepu ubavuni ili waya usichomoke. Salamu hakuna. Mama akamwambia, "Hujambo, mwanangu?" Kimya.

"Weka kidole."

Akaweka. Taa nyekundu.

"Kingine." Nyekundu. "Futa mkono, nyanya, unaweka maji." Akafuta kwa leso. Nyekundu. "Bonyeza! Si hivyo, bonyeza!" Mama anabonyeza mpaka kucha inageuka nyeupe. Nyekundu tena.

Hapo ndipo yule kijana alipogeuka kwa mwenzake wa meza ya pili akasema, kwa sauti ambayo foleni nzima iliisikia: "Huyu hana vidole."

Watu wawili watatu walicheka. Siwalaumu sana, foleni inachosha na mtu hucheka chochote. Lakini nilimwona mama akirudisha mikono ndani ya leso, taratibu, kama aliyeshikwa na kitu cha wenyewe. Akaniambia chini chini, "Basi baba, twende nyumbani."

Nyumbani! Na maji yameshamfika kifuani!

Nikamwambia yule kijana, ndugu yangu, huyu mama anakuja hapa kila wiki, uso wake unaujua, kitambulisho ni hiki, kadi ya kliniki ni hii, malipo yake ya mwaka yako kwenye simu yangu, tazama. Hakutazama. "Mfumo umemkataa, mimi nifanyeje? Lipa keshi au mrudi kesho." Nikamwuliza, kesho vidole vitakuwa vimeota? Akasema mimi ndiye ninayeleta fujo, akamwita soja.

Keshi. Bima inailipa hospitali shilingi 10,650 kila mgonjwa anaposafishwa damu mara moja. Zidisha mara mbili kwa wiki, halafu uniambie duka la vipuri vya pikipiki linaweza kuzitoa wapi. Mtu anayelitamka neno keshi kirahisi namna ile hajawahi kuuza mbuzi wa mtu usiku ili alipe hospitali asubuhi.

Hapo ndipo hasira ilipohama dirishani ikapanda juu, na mnisamehe kama nitachanganya mambo. NHIF, ile bima ya serikali ya zamani, ilikuwepo tangu 1966. Ilikuwa na kashfa zake na foleni zake, ila sisi wa biashara ndogo tulikuwa tunalipa 500 kwa mwezi na mtu anajua deni lake. Bunge likapitisha sheria mpya mwaka 2023, Mahakama Kuu mwaka uliofuata ikasema sheria hizo zinakwenda kinyume na Katiba, Mahakama ya Rufani ikasimamisha uamuzi huo, na tarehe 1 Oktoba 2024 tukaamka tuko SHA. Ulipolala ulikuwa mwanachama, ulipoamka unaambiwa jisajili upya. Mdogo wangu aliyeajiriwa anakatwa 2.75% ya mshahara wote, mkubwa au mdogo, na bado hawezi kumweka mama chini yake, kwa sababu mzazi haingii kwenye kadi ya mtoto. Anaingia mke au mume na watoto, basi. Mama, mzee asiye na kazi, lazima awe mchangiaji wa peke yake.

Na asiye na mshahara analipa mwaka mzima kwa mpigo. Kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi, inasikika kidogo, lakini ni 3,600 mkononi siku moja, tena hicho ni kiwango cha chini. Kabla ya hapo unapitishwa kwenye maswali ya kupima umaskini wako: paa lako ni la nini, ukuta wa nini, choo cha namna gani, taa unayowasha. Huku kwetu mtu anaweza kuwa na bati zuri alilowekewa na mtoto aliyepo Saudia na ndani hakuna chakula cha jioni. Bati likijibu maswali linajibu vibaya. Wapo wanaokopeshwa malipo hayo walipe kidogo kidogo, wanaita Lipa SHA Pole Pole, sawa, lakini mkopo ni mkopo, na mgonjwa wa figo tayari anadaiwa na nusu ya mtaa.

Halafu, hiki ndicho kinachonichoma zaidi. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Nancy Gathungu, ameandika kwenye ripoti yake kwamba mfumo huu wa kompyuta wa bilioni 104.8 si mali ya serikali, na kwamba zabuni yake haikushindaniwa. Bilioni mia moja na nne! Nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani gazeti limekosea nukta. Na mwisho wa safari ya hizo bilioni zote, pale zinapokutana na mwananchi mwenyewe, kuna mashine iliyobandikwa selotepu na kijana mwenye muziki sikioni. Selotepu ni ya hospitali, najua. Adabu ya kijana pia ni ya hospitali, si ya Nairobi. Lakini mkubwa aliyeamua kwamba kidole ndiyo ufunguo angefika siku moja kwenye kijiji chochote cha wachuma chai, wavuvi, wakata mkonge au waponda mawe, awashike watu mikono tu, akumbuke nani anaugua sana nchi hii na amefanya kazi gani maisha yake yote.

Narudi kwenye siku yenyewe.

Soja alikuja, mtu mzima, akanishika bega akasema, "Mzee, tulia, tutapata njia." Hata hakunitoa. Na wakati huo mlango wa ndani ukafunguliwa, akatoka muuguzi anamtafuta mama, kwa sababu kitanda chake kilikuwa kimeandaliwa na mashine ya damu inasubiri. "Bibi, mbona hujaingia leo?" Nikamweleza kwa pumzi moja, nadhani nilikuwa napiga kelele. Hakunijibu mimi. Alimshika mama mkono, akaugeuza kiganja juu, akavitazama vidole kimoja kimoja kwenye mwanga wa dirisha, jinsi mtu anavyochagua mchele.

Akampeleka kwenye sinki. Maji ya uvuguvugu na sabuni. Akakausha vizuri, katikati ya vidole pia. Akatoa mfukoni kikopo kidogo cha mafuta ya mgando, akampaka tone, akalipangusa karibu lote. Kisha akaja dirishani, akachovya pamba kwenye spiriti na kufuta kile kioo cha mashine, na pamba ilitoka nyeusi. Nyeusi! Mnasikia? Asubuhi nzima foleni ile inaambiwa vidole vyao ni vibovu.

Akamwambia kijana, "Jaribu hiki." Kidole cha mwisho, kile kidogo, cha mkono wa kulia. Mikononi mwa mponda mawe hicho ndicho kinachofanya kazi ndogo kuliko vyote. Kinakaa pembeni ya mpini. Taa ya kijani, mara ya kwanza.

Kijana akasema, "Aa, imekubali," akaita, "Anayefuata." Samahani hakuna, pole hakuna, na muziki haukuzimwa.

Mama akaingia, akalala saa zake nne, akatoka amepungua uso. Kaunta ya malipo nikaulizia bili. Hakuna. Bima imelipa yote. Na hapa lazima niseme kitu ambacho kinaniudhi kukisema baada ya yote hayo: kila mara mama anapofanikiwa kuvuka lile dirisha, hatujadaiwa shilingi kwa ajili ya kusafishwa damu. Dawa nyingine tunanunua nje, nauli ni yetu, lakini ile gharama kubwa inabebwa. Baba mdogo aliugua figo zamani, enzi ambazo huku mashine zilikuwa za kuhesabu na kila kitu ni mfuko wako, na hakuvuka mwaka. Shamba liliuzwa, naye akazikwa. Kwa hiyo mtu akiniambia SHA yote ni takataka, mimi nanyamaza kidogo. Kwa hesabu ya mama yangu peke yake, kinachotoka huko kwa wiki moja ni kikubwa kuliko tunachochangia mwaka mzima kwa kile kiwango cha chini. Hilo ni jambo kubwa. Hapo nilifikiria nyota tatu. Siku hiyo, tukirudi ndani ya matatu, mama amelala begani kwangu na pumzi zake zimetulia, ningetoa hata nne.

Lakini wiki iliyofuata tulirudi, dirisha lile lile, kijana yule yule.

"Weka kidole gumba."

Nikamwambia kwa upole kabisa, kaka, huyu ni kidole kidogo cha kulia, tuliona juzi, na hata wewe ulikuwepo. Akasema utaratibu ni kuanza na gumba. Gumba, nyekundu. Shahada, nyekundu. Akapita vidole vyote hivyo na foleni nyuma yetu inaguna, mpaka akafika kile ambacho sote tulijua. Kijani. Nikamwomba jambo moja tu: aandike popote, kwenye kompyuta, kwenye faili, hata kwa kalamu juu ya kadi, kwamba huyu mgonjwa ni kidole kidogo cha kulia. Akasema hana mahali pa kuandika. Kadi iko mbele yake, imejaa nafasi!

Nyota moja. Basi, moja na nusu, kwa yale malipo, na hiyo nusu naweza kuiondoa wakati wowote.

Mwenye mzazi aliyechakaa mikono: nenda mapema kabla kioo hakijachafuka, beba sabuni na mafuta yako, anza na vidole vidogo hata wakikugombeza. Uliza muuguzi wa asubuhi kama yupo kabla hujakaa. Na ukiambiwa mfumo umemkataa mgonjwa wako, mwambie akuandikie hivyo kwenye karatasi, aweke jina lake na saini, maana Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Mimi nilimwambia wa kwetu aandike. Alivua kile kidude sikioni kwa mara ya kwanza.